Ustadi na Ualimu

Liko swali moja ambalo limenisumbua kwa muda wa miaka tisa, na kwa kuwa sikuweza kulimaliza peke yangu naona si vibaya kuliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni walimu au wamo njiani kuwa walimu. Swali lenyewe ni hili: ni nani mwenye haki ya kufundisha sanaa, ajuaye kuifanya au ajuaye kuieleza? Na ikiwa mtu hakujaliwa yote mawili kwa kadiri moja, ni lipi liwezalo kupungua bila ya mwanafunzi kudhulumiwa?

Yamkini msomaji ataona kuwa hili ni swali la kuchezea akili baada ya chakula cha jioni. Kwangu mimi si hivyo. Nililijibu zamani kwa kunyosha mkono, na mkono wangu ulimnyima mtu kazi.

Chuo kimoja kilitaka mwalimu wa ala za kupuliza. Kiliunda halmashauri ya watu watano ya kuwapima waombaji, nami nikaalikwa niwe mmoja wao. Si kwa kuwa najua muziki, bali kwa kuwa masomo yalikuwa yatolewe kwa Kiswahili, na wakuu wa chuo walitaka mtu wa lugha awezaye kuamua kama mwalimu ataeleweka. Miongoni mwa waombaji alikuwamo mtu mmoja aliyepata umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amepiga saksafoni, ala ambayo watu wa bendi wameipa lakabu ya domo la bata, katika kumbi za dansi kwa miaka karibu thelathini. Hakuwa na shahada wala hati ya chuo chochote. Alikuja na ala yake katika kasha lililofungwa kwa kamba ya katani, akatuamkia kwa heshima, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeletwa kushitakiwa.

Tulimpa kijana wa mwaka wa kwanza amfundishe kwa nusu saa mbele yetu. Kijana akapuliza, sauti ikatoka nyembamba, kali, yenye kukwaruza. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema, "Si hivyo, mwanangu. Fanya hivi." Akapuliza yeye. Sijapata kusikia sauti kama ile katika chumba cha meza na mafaili: ilikuwa nene na laini kwa pamoja, ikakijaza chumba pasipo kukipigia kelele. Kijana akajaribu tena. Mkwaruzo ule ule. "Si hivyo. Fanya hivi." Akapuliza tena, vizuri kuliko mara ya kwanza. Mambo yakaendelea namna hii hata nusu saa ikaisha, fundi akizidi kupendeza na mwanafunzi akizidi kupotea. Mwenyekiti akamwuliza, "Kijana huyu anakosea nini?" Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akajibu, "Anakosea sauti, mheshimiwa."

Alipotoka tulicheka. Nasema hivyo kwa aibu. Tukamchagua mwombaji mwingine, kijana mwenye shahada, ambaye upulizaji wake ulikuwa wa wastani lakini aliweza kueleza kwa mpango jinsi mdomo wa chini unavyokunjwa juu ya meno, na jinsi meno ya juu yanavyotua juu ya kidomo cha ala. Mikono mitano ilinyoshwa, wala hapana aliyepinga. Barua ya kumjulisha yule bwana niliitunga mimi, maana nilikuwa ndimi mtu wa lugha. Ilikuwa na mistari mitatu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

Kilichoanza kunitia mashaka ni hiyo lugha yenyewe, ambayo ndiyo kazi yangu. Neno fundi na neno fundisha ni watoto wa shina moja, kufunda, ambalo lingali hai katika unyago, ambako kungwi humfunda mwari. Katika shina hilo hilo twapata mwanafunzi, mafunzo na mkufunzi. Wale waliotuachia maneno haya hawakuona ukuta kati ya mkono unaotenda na kinywa kinachoelekeza. Fundi wa jahazi alifundisha kwa kuunda jahazi, na kijana aliyempokeza misumari alikuwa mwanafunzi bila ya kuandikishwa popote. Neno mwalimu lilikuja kutoka Uarabuni, nalo asili yake ni ile ile ya elimu, yaani kujua. Tena neno ustadi, ambalo sisi twalitumia kwa maana ya uhodari wa kazi, ni ndugu wa ustadhi, ambaye ni mwalimu. (Funda la maji, lile lijazalo mashavu, sijathubutu kulitia katika ukoo huu, ijapokuwa afundishaye saksafoni huanza aghalabu kwa kuwakataza watoto wasijaze mashavu.) Basi sisi watano tulikuwa tumekata kwa kisu mahali ambapo lugha yetu ilikuwa imeshona.

Walakini hoja ya maneno si hoja ya mambo. Wazee wale wale walioshona maneno haya hawakumpa kila mtu kazi ya kufunda. Kungwi hana budi awe mwenyewe amepita unyagoni, hilo ni kweli; lakini si kila mwanamke aliyepita unyagoni hufanywa kungwi. Palikuwa na sifa ya pili iliyotazamwa, nayo haikuitwa shahada, lakini ilikuwapo.

Nikaitazama historia ya ala yenyewe, nikidhani kuwa huko nitapata hukumu. Saksafoni iliundwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, naye akapata hati ya uvumbuzi wake huko Paris mwaka 1846. Mwaka 1857 alianza kuwafundisha askari wa bendi katika Chuo cha Muziki cha Paris. Darasa hilo lilifungwa mwaka 1870, mwaka wa vita ya Ufaransa na Prussia, wala halikufunguliwa tena mpaka mwaka 1942, chini ya Marcel Mule, ambaye alilishika hata mwaka 1968. Kwa miaka 72, basi, chuo kile kikubwa hakikuwa na darasa la ala iliyozaliwa karibu na mlango wake. Na miaka hiyo haikuwa ya njaa. Ndiyo miaka ambayo saksafoni ilivuka bahari ikapata sauti yake katika mikono ya watu weusi wa Marekani. Darasa la Paris lilipofunguliwa tena, Coleman Hawkins na Lester Young walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa, na Charlie Parker, aliyezaliwa mwaka 1920, alikuwa karibu kuigeuza sanaa nzima. Lester Young alijifunza katika bendi ya baba yake. Mule mwenyewe alitoka katika bendi ya askari, ile ya Garde Républicaine, ambayo aliingia mwaka 1923.

Kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Ala za kupuliza za Kizungu zilifika Afrika Mashariki pamoja na bendi za askari, kisha zikahamia katika dansi. Bendi ya NUTA Jazz ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilikuwa bado kuzaliwa. Kilianzishwa mwaka 1981. Vijana walijifunza kwa kusimama nyuma ya wakubwa zao, na kwa kusikiliza santuri za Kongo, ambako saksafoni ya Isaac Musekiwa na ya Verckys ilisikika katika bendi ya OK Jazz. Verckys alijiunga na bendi hiyo mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoka kwenda kuunda yake. Najiuliza, lau halmashauri yetu ya watu watano ingaliketi mlangoni mwa OK Jazz mwaka ule wa 1963, ingalimpitisha nani?

Hoja hii ilinifurahisha kwa muda, kisha ikaniponyoka. Tunapohesabu mafundi waliojifunza pasipo mwalimu, twahesabu waliofika. Ni nani aliyewahesabu walioachwa njiani? Kwa kila kijana aliyesimama nyuma ya mkubwa wake akashika kazi, pengine walikuwapo wengine waliosimama pale pale, wakaambiwa "si hivyo, fanya hivi," wakafanya wasiweze, wakarudi nyumbani wakiamini kuwa Mungu hakuwapa kipaji. Hawakuandika kitabu wala hawakupiga santuri. Njia ya kuiga hujisifu kwa kuwa mashahidi wake wa upande wa pili hawana sauti. Yule kijana wa mwaka wa kwanza, aliyekwaruza kwa nusu saa mbele ya wazee watano, alikuwa karibu kuwa mmoja wao, na sisi tulimcheka fundi tukamsahau yeye.

Hapa yafaa niseme neno juu ya ala hii, maana si kila sanaa ina ugumu wa namna moja. Seremala akimwonyesha kijana jinsi ya kushika randa, kijana huona mkono. Mpiga gitaa huonyesha vidole. Katika saksafoni vidole si kitu kigumu. Mtoto huvizoea kwa miezi michache. Kazi yenyewe imefichwa kinywani. Ulimi wa tete hutetema juu ya kidomo, na mpulizaji huuongoza kwa mdomo, kwa pumzi, na kwa jinsi anavyoliweka koo na ulimi wake mwenyewe. Mtu aweza kuvifunga vidole kwa ajili ya sauti ya chini kabisa, asiviondoe, na kwa kubadili koo na ulimi tu akatoa sauti nyingine tatu au nne juu yake. Kutoka nje hapana kilichobadilika. Tena hapana saksafoni iliyo sawa kabisa. Kila moja ina noti zinazopanda na zinazoshuka, na mpulizaji huzirekebisha kwa sikio kabla msikilizaji hajazitambua.

Husimuliwa juu ya Freddie Keppard, mpiga koneti wa New Orleans, kuwa alikuwa akifunika vidole vyake kwa leso ili wenzake wasimwibie mitindo. Yeye alitaka kuficha. Fundi wetu hakuficha neno. Leso yake alizaliwa nayo, nayo ni shavu. Alimwonyesha kijana kila kitu alichoweza kumwonyesha, na kitu hicho hakikuwa na faida, kwa sababu kilichotakiwa kuonekana hakionekani. Ndiyo maana jibu lake, "anakosea sauti," ambalo sisi tuliliona la kijinga, lilikuwa jibu la kweli la mtu aijuaye kazi kwa masikio na kwa midomo, na ambaye hajapata kuulizwa juu yake kwa maneno.

Je, kujua kusikoweza kusemwa ni kujua? Sokrate, kama alivyoandikwa na Plato katika mazungumzo yake na Ion, alimhoji msimulizi wa mashairi ya Homer hata akamfikisha mahali pa kukiri kuwa hasimulii kwa elimu bali kwa nguvu ya miungu. Nami nilikuwa nikikubaliana na Sokrate nilipokuwa mwanafunzi. Sasa naona kuwa aliharakisha. Mtu anayerekebisha noti inayopanda kabla wewe hujaisikia, kila usiku kwa miaka thelathini, anajua. Kumwambia kuwa hajui kwa kuwa hawezi kutunga sentensi ni ubinafsi wetu sisi tunaoishi kwa sentensi. Lakini kuwa na elimu ni jambo moja, na kuwa na haki ya kupokea ada ya mtoto wa mtu ni jambo jingine. Anayepokea ada amejifunga deni, na deni hilo halilipwi kwa kupuliza vizuri.

Kuhusu yule kijana mwenye shahada sitasema mengi. Alifanya kazi kwa bidii. Baada ya miaka miwili nilialikwa kuwasikiliza wanafunzi wake; wote waliweza kueleza mdomo unavyokunjwa, na hapakuwa na hata mmoja ambaye sauti yake ingalimfanya mtu asimame njiani. Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Alitoa alichokuwa nacho.

Mwaka wa sita tangu kura ile, mwenzangu mmoja kazini aliniomba nimchukulie binti yake, ambaye alikuwa akijifunza muziki kwa mzee mmoja huko Magomeni. Nikafika uani mwa nyumba, nikamkuta mzee na watoto watano na saksafoni mbili. Nilimtambua mara moja. Yeye hakunitazama, maana alikuwa kazini. Binti alikuwa akikwaruza, mkwaruzo ule ule wa kijana wa mwaka wa kwanza. Mzee akamwambia aiweke ala chini. Akampa kipande cha kioo. "Poza uji," akasema. Binti akapuliza kioo kama apozaye uji. "Umeona? Kioo kikavu. Sasa kitie mvuke, kama utakaye kukifuta." Binti akahemea kioo kwa kinywa kilichofunguka, kioo kikafifia. "Koo lilikuwa wapi mara ya kwanza, na liko wapi sasa?" Mtoto akashika shingo yake, akafikiri. Kisha mzee akamtaka aiimbe noti kabla ya kuipuliza. Akaiimba, akaichukua ala, akapuliza. Sauti haikuwa ya ajabu, lakini mkwaruzo ulikuwa umepungua nusu, na mtoto alijua kwa nini.

Somo lilipokwisha nilimwamkia, nikamwuliza mambo yale aliyapata wapi. "Kwa watoto, bwana," akanijibu. "Mmoja aliniuliza, babu, kwa nini yako inatoka na yangu haitoki? Sikuwa na la kumwambia. Nikakaa usiku napuliza mbele ya kioo nione nafanya nini. Kioo kikawa hakinionyeshi kitu, kikanionyesha mvuke. Miaka thelathini nimepuliza. Sikujua kuwa ulimi wangu hupanda nikienda juu."

Sigurd Raschèr, Mjerumani ambaye alifanya makubwa kwa ala hii, alichapisha mwaka 1941 kitabu cha mazoezi ya sauti za juu, na nguzo ya mafundisho yake ni kuwa mpulizaji sharti aisikie noti moyoni kabla ya kuipuliza. Mzee wa Magomeni hakupata kumsikia Raschèr. Alifika mahali pale pale kwa kuongozwa na swali la mtoto. Sikusudii kusema kuwa vitabu havina kazi; kitabu kingalimwokolea miaka. Nataka kusema tu kwamba ualimu wake haukutoka katika ustadi wake. Ulianza siku ile ustadi wake ulipokosa jibu.

Nilijikaza, nikamkumbusha siku ya halmashauri. Akacheka kidogo. Akasema, "Mlikuwa na haki, bwana. Siku ile sikuwa mwalimu. Lakini mliniandikia kuwa sikufaulu, basi. Hamkuniambia nimekosea nini."

Barua ya mistari mitatu. Sikumwambia aliyeitunga ni nani, na hilo nalo naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Nikirudi katika swali langu, naona lilikuwa limeulizwa vibaya. Tuliuliza kama mtu huyu ni mwalimu, kana kwamba ualimu ni kimo kinachopimwa mlangoni. Hatukuuliza kama aweza kuwa mwalimu, wala kama sisi tunaoitwa walimu tuna wajibu wowote katika kuwa kwake. Jackie McLean, mpiga saksafoni wa New York aliyezaliwa mwaka 1931, alikulia nyumbani mwa watu kama Bud Powell, ambako muziki ulifundishwa sebuleni. Alitiwa katika minyororo ya dawa za kulevya, akanyang'anywa kibali cha kupiga katika vilabu vya mji wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliingia Chuo Kikuu cha Hartford, akajenga huko masomo ya muziki wa Wamarekani weusi, na mwaka 1970 yeye na mkewe Dollie wakaanzisha katika mji huo Artists Collective, nyumba ya sanaa kwa ajili ya watoto. Alifariki mwaka 2006. Wako wasemao kuwa ualimu ni kimbilio la walioshindwa kazi. Mtu huyu hakushindwa kazi, kwani aliendelea kurekodi na kupiga akiwa mwalimu. Lakini tusimpambe kupita kiasi: huenda haja ndiyo iliyomsukuma kwanza, kama ilivyomsukuma mzee wetu, na sioni kuwa mkate ni sababu ya aibu ya kuingia darasani. La kutazamwa ni lile mtu alifanyalo baada ya kushiba.

Kuna jambo moja ambalo hoja zangu haziwezi kulifunika. McLean alipata yote mawili. Mzee wa Magomeni hakupata. Nilipokwenda kwake tena, maana sasa huenda mara kwa mara, alinieleza kuwa ameacha kupiga usiku. Nilidhani ni umri, au midomo kuchoka. Akasema midomo ingali na nguvu. Ila tangu alipojua ulimi wake ufanyavyo, mara nyingine humkumbuka katikati ya wimbo. Na akiukumbuka, wimbo hujikwaa. Zamani alikuwa akipuliza na mawazo yake yako kwa wachezaji. Sasa sehemu ya mawazo iko kinywani, ikitafuta maneno ya kumwambia mtoto kesho. Kwa hiyo watoto watano wa uani wamepata kitu, na watu wa dansi wamekosa kitu, na yule aliyevibadilisha hakuulizwa kama yu radhi.

Nilimwuliza mimi. Nilimwuliza kama angalijua, angalikubali kumjibu mtoto yule wa kwanza, au angalimwambia kama alivyomwambia kijana wetu, fanya hivi. Alinyamaza. Nyuma yetu binti wa mwenzangu alikuwa akiitafuta noti ya juu; ikampanda, ikamponyoka. Mzee akainua kiganja kunitaka nisubiri, akageuka.

"Acha kwanza," akamwambia. "Iimbe."